Robo Mzunguko

Nyumbani walimwita Kwanini, na jina hilo alilitolea jasho. Akiwa na miaka mitatu aliuliza kwa nini maji hayana rangi. Akiwa na minne aliuliza kwa nini bibi wa jirani ana ndevu, tena alimuuliza bibi mwenyewe, mlangoni, mbele ya wageni, na mama yake akatamani ardhi ipasuke immeze. Alipofika miaka kumi na miwili watu walikuwa wamekwisha kata tamaa naye. Kuuliza si ujinga, walimwambia, kisha wakatafuta pa kupitia wasikutane naye.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo Kwanini hakuliuliza wala hakulisema, na hilo ndilo litakalotusumbua hapa. Lilihusu breki ya baiskeli.

Tuanze na mkono. Akiwa na miaka minane alianguka na baiskeli, akavunjika mkono wa kulia, karibu kabisa na kifundo. Mfupa ukaunga, plasta ikakatwa, watu wakamshukuru Mungu, wakasahau. Mkono haukusahau. Mwaka baada ya mwaka kiganja kilizidi kuinama kuelekea upande wa kidole gumba, na upande wa pili wa kifundo kikatokeza kinundu cha mfupa. Akishika kalamu, anashikia pembeni. Akibeba ndoo, inamponyoka na kumlowesha miguu. Shuleni wenye midomo yao wakamwita Kona. Aliwajibu kwamba heri kona kuliko ukuta, wakacheka, akacheka nao, akaenda kulia nyumbani.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alikuwa mtu mzima wa kwanza maishani mwa Kwanini aliyeonekana kufurahia kuulizwa. Alichukua karatasi, akachora mistari miwili mirefu iliyokwenda sambamba.

"Hii ni mifupa yako miwili, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo. Kila mmoja una sehemu laini hapa mwishoni, ndiyo unayokulia. Ulipoanguka, sehemu ya kukulia ya huu wa upande wa gumba iliumia, ikafa. Mfupa ukasimama. Mwenzake ukaendelea kukua."

"Kwa nini na wenyewe haukusimama?"

"Nani angeuambia?"

Kwanini akaiangalia ile michoro. "Kwa hiyo ule mrefu unakisukuma kiganja, na ule mfupi unakivuta kwake."

"Haya, umenimalizia kazi," daktari akasema, akamgeukia baba na mama waliokuwa wameketi bega kwa bega kwenye benchi, wamejikunyata. "Ule mrefu nitausimamisha. Ule mfupi nitaukata."

Mama akasema, "Yallah!"

"Nitaukata, nitaupitishia pini nne, mbili juu ya pale nilipokata na mbili chini, kisha nitaziunganisha na fremu ndogo hapa nje ya ngozi. Kwenye fremu kuna nati. Tutasubiri wiki moja mfupa uanze kujiunga. Kisha nyumbani mtazungusha nati robo mzunguko, mara nne kwa siku. Mzunguko mmoja ni milimita moja. Pale katikati, kwenye mwanya, mfupa mpya utakuwa unazaliwa."

"Kwa nini tusizungushe yote siku moja?" Kwanini akauliza.

"Mfupa hautapata nafasi ya kuzaliwa."

"Na tukizungusha polepole zaidi?"

"Hapo ndipo penye hatari," daktari akasema, na safari hii alikuwa akiwatazama wazazi. "Mifupa ya watoto ina haraka ya kupona. Tukizembea, mwanya utaziba na kukomaa kabla hatujafika. Itabidi nimrudishe kitandani nikate upya. Nahitaji milimita kumi na nane. Nani atazungusha?"

Baba akasimama. Kuzungusha nati! Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa baiskeli. Rimu iliyopinda aliinyoosha kwa jicho na vidole tu, huku akibishana na wateja habari za mpira.

"Mimi," akasema. "Ni haki yangu. Hata breki ile niliisahau mimi, Daktari. Niliiacha haijakazwa, mtoto akapanda. Andika hivyo hivyo."

Daktari akaandika kwenye faili. Kwanini akasema ana kiu, akatoka kwenda kutafuta maji.

Kila mara Baba alipoitaja ile breki, Kwanini alishikwa na kiu. Na Baba aliitaja sana. Kwenye mlango wa karakana yake alitundika kipande cha boksi kilichoandikwa BAISKELI ZA WATOTO HATUTENGENEZI, na wazazi waliokuja na vibaiskeli vyao walirudishwa, hata wabembeleze vipi. Ile baiskeli ndogo yenyewe aliining'iniza kwenye msumari, juu, nyuma ya matairi. Hakuiuza, hakuitupa, wala kwa miaka minne hakuigusa. Angeigusa angeiona ile nati iliyolegea, na hakutaka kuiona.

Basi. Mfupa ukakatwa, fremu ikafungwa, wiki ikapita, na kazi ya nyumbani ikaanza. Mama alisafisha pini kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, akizungumza nazo kama anaogesha kichanga. Baba alishika spana, kijispana kifupi kuliko kidole, alichokifuta kwa kitambaa safi kabla na baada. Nesi alikuwa amewapa karatasi yenye vyumba, vinne kwa kila siku. Baba akizungusha, alichomoa kalamu sikioni, akaweka alama ya vema. Hakuruka hata mara moja. Mteja angeweza kusimama pale na gurudumu mkononi anatukana. Saa saba ikifika, Baba ananawa, anaingia ndani.

Kwanini naye aliipenda fremu ile kuliko vitu vyote alivyowahi kuvaa. Aliichora daftarini kwa mkono wa kushoto, michoro yote imelala upande. Alihesabu pini, akazigonga asikie zinaliaje, akauliza kwa nini hazishiki kutu. Lakini spana ikigusa nati, aligeukia ukutani.

"Ndiyo hivyo, tazama kule," Baba alimwambia, akidhani ni uoga.

Hakuwa na uoga wowote. Mvuto wenyewe ulikuwa kama ngozi inayobanwa, unauma kidogo na kupita. Asichoweza kukitazama ni uso wa baba yake: ile midomo aliyoikaza, lile jasho puani, ile huruma ya mtu anayelipa kosa. Kwanini aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Ndiyo maana mtoto aliyechungulia kila kitu duniani hakuchungulia hicho.

Siku kumi na nne za kuzungusha zikaisha, wakarudi hospitali. Daktari akaiweka picha ya eksirei mbele ya taa, akapima mwanya kwa rula. Akapima tena. Akaivaa miwani vizuri, akapima mara ya tatu.

"Karatasi yenu inasema kumi na nne," akasema. "Picha inasema tisa."

"Basi picha imekosea," Baba akasema.

"Picha haina sababu ya kunidanganya. Mnaruka?"

"Daktari!" Baba akasimama kabisa. "Mimi? Nati ndiyo kazi yangu, ndiyo inayonilisha. Hebu muulize mama yake."

"Haruki," Mama akasema. "Juzi aliacha chakula mezani. Baba huyu kuacha chakula, sijawahi kuona."

Daktari hakucheka. Aliwaonyesha kwa ncha ya kalamu ukungu mweupe ndani ya mwanya. Huo ulikuwa mfupa mpya, na ulikuwa umekwisha kuanza kukomaa. "Nawapa siku tano. Zungusheni mara tano kwa siku badala ya nne. Mwanya ukifunguka, tutaendelea. Ukigoma, nitamkata tena."

Njiani kurudi nyumbani Mama alijaribu kuwachangamsha kidogo. "Pengine mifupa ya ukoo wenu ni mikaidi tu. Mmoja mmoja mnajulikana."

Kwanini alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sura: aliikumbuka taa ya chumba cha upasuaji, harufu yake, na kuamka na kiu huku mkono umekuwa mzito kama wa mtu mwingine. Hakutaka kurudi kule. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kikimwasha. Kumi na nne na tisa. Tano zimekwenda wapi? Milimita tano haziwezi kuliwa na panya.

Jioni ile alichukua rangi ya kucha ya Mama, nyekundu, akatia doa moja kwenye pembe ya nati, upande wa juu kabisa. Hesabu ilikuwa nyepesi. Robo nne ni mzunguko mzima. Kesho, Baba akishazungusha mara nne, doa litakuwa limerudi juu palepale.

Kesho yake Baba akazungusha asubuhi, akazungusha saa tatu, saa saba, saa kumi. Kwanini akaangalia ukutani kama kawaida. Baada ya mara ya nne alikimbilia dirishani kwenye mwanga, akainua mkono. Doa halikuwa juu. Lilikuwa limebaki nyuma, nyuma sana, kama mtoto anayetumwa asikotaka kwenda.

Mara ya tano ilikuwa saa moja jioni, karakanani, Baba akijiandaa kufunga. Alikuwa ameketi juu ya boksi la mbao, magurudumu yamemzunguka, na Kwanini akaweka mkono juu ya goti lake.

"Haya, tazama kule."

"Leo natazama huku."

"Utaumia zaidi ukitazama."

"Zungusha tu, Baba."

Baba akazungusha. Robo, safi, pembe hadi pembe. Na kabla hajaitoa spana, kifundo chake cha mkono kikalegea, na ile spana ikarudi nyuma kidogo. Kidogo mno. Hakutazama, hakusita, tayari mkono wake mwingine ulikuwa unaitafuta kalamu sikioni.

Kwanini aliutambua mwendo ule mara moja, maana alikuwa nao mkononi mwake mwenyewe. Angeweza kusema neno moja tu, "unarudisha", yakaisha, na Baba akabaki na kosa la pili juu ya lile la kwanza. Hapo, niwaambie ukweli, watu wazima wengi ningewaona wakikimbia. Mtoto yule hakukimbia.

"Baba. Ile breki hukuisahau wewe."

Kalamu ikasimama hewani.

"Niliifungua mimi," Kwanini akasema, haraka haraka, kabla kiu haijamshika. "Siku ile ile, ulipokwenda kununua mipira. Nilitaka kuona waya unaingia wapi. Nikaona, nikafunga. Nilitumia spana namba kumi. Nilikaza kama unavyokaza wewe, Baba, kabisa kabisa. Nikakaza, nikarudisha kidogo."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudisha kidogo. Si ndivyo unavyofanya?"

"Spoki!" Baba aliruka kutoka kwenye boksi, gurudumu moja likaanguka na kujibiringisha mpaka mlangoni. "Spoki ndiyo inayorudishwa! Spoki ni nyembamba, ukikaza nati yake inajisokota, usipoirudisha kidogo inakuja kujisokotoa yenyewe barabarani, rimu inapinda! Breki hairudishwi! Breki unakaza, unaachia, basi! Nani alikwambia breki inarudishwa?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliutazama mkono wako."

"Miaka minne! Umeniacha na hili miaka minne! Wewe unayemuuliza kila mtu kila kitu, hili lilikushinda kusema?"

"Nilisubiri uniulize."

Hasira ya Baba ilikuwa ya kweli, tusimpake rangi. Mishipa ilimsimama shingoni. Lakini swali lilikuwa limekwisha mfika Kwanini kwenye ulimi, na swali likifika pale, kwa mtoto yule, halimezeki.

"Na mfupa je, Baba?"

"Mfupa umefanyaje?"

"Mfupa nao unarudishwa?"

Akauinua mkono, akamwonyesha lile doa jekundu, limechelewa kule pembeni. Baba akalitazama. Akaitazama spana. Kisha akafanya jambo ambalo Kwanini hakulitarajia: aliishika spana hewani, pasipo nati yoyote, akazungusha robo. Na mbele ya macho yao wote wawili mkono ukalegea, ukarudi nyuma, wenyewe, bila kutumwa. Akajaribu tena, amekaza meno. Ukarudi. Mazoea yana taabu. Mkono wa miaka ishirini na miwili haujui kama mbele yake kuna spoki au mtoto.

Baba akaketi chini kabisa, sakafuni, kwenye mafuta na vumbi, akalia. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe hakuficha. Kwanini akaketi karibu naye, mkono wenye fremu ameuweka juu ya paja lake, akalia pia, akasema nisamehe, na Baba akasema nisamehe wewe, wakawa hawasikilizani.

"Miaka minne nimebeba breki isiyo yangu," Baba akasema mwishowe, akijifuta kwa kile kitambaa safi cha spana. "Na wewe umebeba yako, mtoto mdogo hivi. Tumechoka bure."

"Mama alisema mifupa ya ukoo wetu ni mikaidi."

"Mifupa haina kosa. Mikono ndiyo." Akavuta kamasi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Lete mkono."

Alirudi kwenye nati, akalisogeza doa sehemu ndogo aliyokuwa ameirudisha jioni ile. Kuanzia siku ile utaratibu ulibadilika. Kwanini alitazama, macho wazi, pua karibu iguse fremu. Spana ikifika kwenye pembe, alipiga kelele: "Achia!" Na Baba aliachia kama aliyeshika sufuria ya moto, mikono yote miwili juu. Mara ya kwanza Mama alitoka mbio jikoni na mwiko mkononi, akidhani wanapigana.

Siku ya tano walikwenda hospitali mapema. Picha ilikuwa haijatoka bado, lakini Baba hakuisubiri. Alimwambia daktari yote, amesimama, kofia mkononi: nilikuwa narudisha, ni mazoea ya spoki, mtoto ndiye aliyeliona, kwa rangi ya kucha. Daktari aliivua miwani.

"Kwa nini spoki hurudishwa?" akauliza.

Kwanini akamtazama kwa mapenzi makubwa. Baba akaeleza, taratibu, akichora hewani. Daktari akauliza tena, na tena, mpaka nesi akaingia na picha, akaiweka mbele ya taa.

Daktari akapima kwa rula. Akapima tena. Mama alikuwa amefumba macho. Kwanini aliyafumbua yake yote.

"Kumi na nne," daktari akasema. "Umefunguka. Simkati. Siku nne nyingine, robo nne kwa siku, mmefika."

Mama akamshukuru Mungu kwa sauti iliyofika korido. Daktari akachukua ile karatasi ya vyumba, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: UKISHAZUNGUSHA, ACHIA. USIRUDISHE. Akamwambia nesi karatasi zote zitakazotolewa ziwe na mstari huo. Kisha akafungua faili.

"Bado kitu kimoja," Baba akasema. "Pale mwanzo nilikwambia uandike kwamba breki ilisahauliwa na baba. Pafute."

"Niandike nini badala yake?"

Baba akafikiri. Kwanini akausikia uso wake ukiwaka moto, akayatazama maji kwenye jagi mezani, lakini hakwenda.

"Andika alikuwa anajifunza kazi," Baba akasema.

Waliporudi, Baba hakubadilisha hata nguo. Alipanda juu ya boksi la mbao, akaishusha ile baiskeli ndogo kutoka kwenye msumari, akaipiga vumbi, akaigeuza matairi juu. Akainama kwenye nati ya breki, akaigusa kwa kidole. Ilikuwa imekazwa vizuri. Ilikuwa imerudi nyuma kidogo tu, kama alivyozoea yeye.

"Ukiipanda hii sasa, magoti yako yatafika masikioni," akasema. "Tutampa mtoto mwingine. Lakini haitoki hapa hivi." Akampa Kwanini spana namba kumi. "Kaza."

Kwanini akaishika kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuinua pembeni na fremu yake. Akakaza mpaka nati ikagoma. Kisha akamtazama baba yake kwa jicho la pembeni.

"Nirudishe?"

"Thubutu!" Baba akasema.